Mzazi Asiipate Habari Baada ya Sindano: Chanjo ya HPV na Kinga ya Saratani ya Mlango wa Kizazi katika Vijiji vya Kibondo na Kasulu

Nimeombwa nizungumzie mitazamo ya jamii zetu za vijijini kuhusu chanjo ya HPV na kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Waandaaji wa semina hii waliniletea vipengele vingi, nami nitavigusa kama nilivyoagizwa. Hata hivyo muda wangu mwingi nitautumia kwa kimoja, kwa sababu ndicho kinachotukwamisha mwaka baada ya mwaka, na katika semina zetu hupewa dakika chache za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kufunga mafaili.

Maelezo ya msingi

HPV ni jamii kubwa ya virusi vinavyoambukizwa zaidi kwa kujamiiana. Walio wengi hukutana navyo wakati fulani wa maisha, na mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa baadhi ya wanawake virusi hung'ang'ania kwenye mlango wa kizazi, na aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani. Kutoka maambukizi hadi saratani hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU ambaye hatumii dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na kwa jumla hatari ya mwenye VVU kupata ugonjwa huu ni kama mara sita ya asiye na VVU. Kwa nchi yetu makadirio ni karibu wagonjwa wapya 10,000 kila mwaka na vifo zaidi ya 6,000. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi Tanzania kama hii.

Lengo la dunia mnalifahamu. Mkakati uliozinduliwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 17 Novemba 2020 unataka ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo chenye ubora wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Naomba tuzishike namba hizo tatu kwa pamoja, maana huku kwetu ya kwanza ndiyo inayobebwa, na mbili za mwisho zimeachwa nyuma. Nitalirudia jambo hilo.

Tulikotoka

Chanjo ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014. Aprili 2018 ilizinduliwa kwa nchi nzima jijini Dar es Salaam na Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais. Dozi zilikuwa mbili zenye kupishana miezi sita, na walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14 peke yao, kwa kuwa chanjo hii ilikuwa haba duniani kote na nchi zililazimika kuchagua rika moja. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja inatosha kwa wasichana wa rika hili. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka hapa hapa nchini, katika utafiti wa jijini Mwanza ulioihusisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kufuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Aprili 2024 nchi yetu ikahamia dozi moja, umri ukapanuliwa kuwa miaka 9 hadi 14, na kampeni ya wiki moja mwezi huo ikalenga wasichana takriban milioni 4.8.

Hayo mabadiliko ya dozi na umri yalikuwa sahihi kitaalamu. Kwa mzazi wa kata za kwetu kama Busunzu au Kagera Nkanda, aliyeambiwa mwaka mmoja kwamba dozi lazima ziwe mbili na la sivyo binti hana kinga, kisha akaambiwa moja inatosha, yalikuwa jambo jingine kabisa. Sababu hakuelezwa. Aliona tu wakubwa wamebadilisha maneno.

Mitazamo tunayokutana nayo

Nianze na ambalo taarifa zetu hulisahau: watu wa nyanda hizi wanapenda chanjo. Akina mama hutembea mwendo mrefu na mtoto mgongoni, mvua ikinyesha, ili asikose chanjo ya surua au ya polio. Huduma ya mkoba ikichelewa kufika, ni wao wanaomuuliza mhudumu, tarehe imehamishwa? Kwa hiyo anayeandika kwenye ripoti kwamba "jamii ina mwamko mdogo" aifute sentensi hiyo. Jamii ile ile inayojaza foleni ya watoto wachanga ndiyo inayosita kwa binti wa miaka 12. Tunapaswa kujiuliza ni nini kinachobadilika kati ya foleni hizi mbili.

Maswali tunayoulizwa ni yale yale, Kibondo na Kasulu, kijijini na katika kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu. Mbona wasichana tu? Mbona walianza na wa miaka 14, sasa wanataka hata wa miaka 9? Kama ugonjwa unatokana na ngono, mwanangu bado mtoto, anahitaji nini? Mbona inatolewa bure? Na swali lililo chini ya yote: je, watazaa?

Majibu yapo. Wasichana hupewa kwanza kwa sababu mlango wa kizazi ndipo HPV inapoua zaidi. Nchi zenye uwezo, kama Australia tangu 2013, zimewaongeza wavulana. Umri wa miaka 9 hadi 14 umechaguliwa kwa sababu chanjo hii haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia, na mwili wa umri huo hujenga kinga imara hata kwa dozi moja. Kumchanja binti mapema hakumaanishi kwamba ameanza mambo ya wakubwa, wala hakumruhusu kuyaanza. Ndani ya chanjo kuna maganda ya protini yanayofanana na ganda la virusi. Virusi vyenyewe havimo, na hakuna homoni yoyote.

Majibu haya kila mtumishi aliyepata mafunzo anayajua. Kama yangetosha, leo tusingekuwa hapa.

Tatizo lenyewe: habari inayofika baada ya sindano

Niruhusuni nieleze jinsi zoezi linavyoendeshwa mara nyingi. Mwongozo unashuka. Wachanjaji wanapewa mafunzo. Chanjo zinafika zikiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, zinapokelewa, zinahesabiwa, zinagawanywa kwenye vibebea. Haya yote tunayafanya vizuri na ninawapongeza waratibu wetu wa chanjo. Mwisho wa mstari, zikiwa zimebaki siku mbili au tatu, unakuja uhamasishaji. Gari la matangazo linapita barabara kuu. Mwalimu mkuu anapigiwa simu. Wasichana wanapewa barua za kupeleka nyumbani. Mlezi wa wengi wao ni bibi asiyesoma, au baba aliyeko kwenye shamba la mbali ambako familia huhamia msimu mzima. Barua inalala kwenye begi pamoja na daftari la hisabati.

Siku ya siku binti anachanjwa. Jioni anarudi anashika mkono. "Una nini?" "Tumechomwa sindano shuleni." "Sindano ya nini?" Hapo mtoto wa miaka 11 ndiye anayegeuka kuwa msemaji wa sekta ya afya mbele ya baba, shangazi na majirani. Anajibu alichosikia, kwamba ni ya kizazi.

Ndugu washiriki, uvumi wa utasa huanzia katika saa ile. Tusiutafute mitandaoni. Mitandao huukuta umeshazaliwa, ikaukuza. Mtu aliyekuwa na haki ya kuambiwa kwanza ameambiwa mwisho, na aliyemwambia ni mtoto. Anayefichwa jambo la mwanawe ana haki ya kuuliza limefichwa kwa nini, na jibu atalitafuta katika yale anayoyajua.

Anajua nini? Tazameni sindano zinazomfikia mwanamke wa kijiji chetu hali akiwa mzima. Anapokuwa mjamzito anachomwa ya pepopunda. Anapotaka kupumzika kuzaa anachomwa ya uzazi wa mpango, ya miezi mitatu. Katika maisha ya kawaida ya mama wa huku hakuna sindano nyingine ya mtu asiyeumwa. Basi akisikia binti mzima, aliyekaribia kuvunja ungo, amechomwa sindano moja mkononi na watu wa kliniki ile ile ya mama na mtoto, ataiweka katika fungu lipi? Ataiweka kwenye uzazi wa mpango. Ni hitimisho la mtu mwenye akili timamu anayetumia habari alizonazo. Sisi hatukumpa nyingine.

Na katika mkoa ambako kuzaa ndiko kunakomthibitisha mwanamke ukweni, wazo hilo si dogo. Bibi anayemficha mjukuu wake siku ya chanjo anamlindia maisha. Tukimwita mshamba, tumeshashindwa kabla ya kufungua kibebea.

Nakumbuka baba mmoja aliyekuja na baiskeli asubuhi shuleni tulikokuwa tunajiandaa. Mwalimu alidhani amekuja kufanya fujo. Akanisalimu vizuri, tukaulizana hali za nyumbani, kisha akasema: "Nesi, sikuja kugombana. Dada yake mlimchoma, nikajua usiku. Leo nimekuja kabla." Tulikaa chini ya mti akauliza maswali yake, yale yale niliyoyataja. Alipomaliza akamwita binti yake kutoka darasani akamwambia, "Nenda, mama." Binti akachanjwa. Elimu aliyoipata chini ya mti ule haikuwa na chochote ambacho hakikuwemo kwenye vipeperushi vyetu. Kilichotofautiana ni kwamba ilimfikia yeye, kabla ya sindano, na alipewa nafasi ya kukataa.

Hilo la nafasi ya kukataa linawapa hofu baadhi ya wenzetu. Wanasema tukiwaambia mapema tutawapa muda wa kujificha. Nimelisikia katika vikao vingi na ninalipinga kwa moyo wote. Anayejificha leo anajificha kwa sababu ya kampeni iliyopita. Kuna maeneo ambako gari likionekana tu limekunja kuelekea shuleni, nusu ya wasichana wanapitia nyuma ya darasa kurudi makwao, hata kama siku hiyo tumeleta dawa za minyoo. Tunaiharibu imani iliyojengwa na wakunga na wahudumu kwa miaka mingi ili takwimu ya wiki moja ionekane nzuri.

Kuna watakaosema tatizo ni ushamba wa vijijini. Japani si kijiji. Juni 2013 serikali yake iliacha kuihimiza chanjo hii baada ya habari za madhara kuenea kwenye vyombo vya habari, na kiwango cha wasichana wanaochanjwa kikaporomoka kutoka asilimia takriban 70 hadi chini ya moja. Iliwachukua hadi Aprili 2022 kurudi kuihimiza rasmi. Taifa lenye shule nyingi na hospitali nyingi lilipoteza karibu miaka tisa ya wasichana wake. Kwa upande wa pili, majirani zetu Rwanda walianza mwaka 2011, wa kwanza barani, na mwaka huo huo walifikia zaidi ya asilimia 90 ya walengwa. Shule zao zilikuwa za kawaida na milima yao ni kama hii yetu. Walitanguliza maelezo kwa wananchi, wakawatumia viongozi wa vijiji na wahudumu wa jamii, na wahudumu hao wakawatafuta nyumbani wasichana wasiokuwa shuleni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelipigania muda mrefu bila kupata sikio. Wasichana waliochanjwa mwaka 2018 walikuwa na miaka 14. Leo wamevuka 20. Wako wapi? Wako kwenye kliniki zetu. Tunawapokea wakiwa wajawazito, tunawazalisha, tunawapimia watoto uzito. Swali la iwapo waliochanjwa watazaa limekwisha kujibiwa na wodi zetu za wazazi. Lakini hakuna mpango hata mmoja niliouona unaowatafuta mama vijana hawa na kuwaomba wasimame kwenye mkutano wa kitongoji. Tunaleta mtaalamu kutoka mjini aseme "chanjo ni salama", tukimwacha jirani mwenye mtoto mgongoni ambaye kila mtu anamjua kwao. Kadi zao nyingi zimepotea, nakubali, na rejista za shule za miaka ile hazikutunzwa sawasawa. Wao wenyewe wanakumbuka. Mwalimu wao anakumbuka. Tuanze na hao wanaokumbuka.

Jambo jingine linalozaa uvumi ni kuzimia. Msichana mmoja akianguka kwenye foleni kwa woga na njaa, wenzake watatu wataanguka, na mchana kijiji kizima kitajua kuwa sindano imeua. Mwaka 2014 mji wa El Carmen de Bolívar nchini Colombia ulipata mkasa wa wasichana wengi kuzimia baada ya chanjo hii. Uchunguzi haukukuta kosa katika chanjo, lakini imani ya wazazi nchini humo ilivunjika vibaya. Kuzuia ni rahisi: wasichana wawe wamekula, wakae chini wakati wa kuchomwa na dakika 15 baada yake, wanaosubiri wasiwaone wanaochomwa. Uji wa asubuhi siku ya chanjo ni sehemu ya huduma. Kwa nini haumo kwenye bajeti sijawahi kuelezwa.

Kambini na pembezoni mwa kambi

Wenzetu wanaohudumia kambi za Nduta na Nyarugusu watalieleza hili vizuri zaidi, nami nitagusa mawili. Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kupokea ndugu zetu wa Burundi, na Nyarugusu ipo tangu 1996. Shule za watoto wa Kirundi hufuata mtaala wa kwao, na kalenda na utaratibu wake si lazima vilingane na vya shule za vijiji. Kampeni ikipangwa kwa kalenda moja, upande mmoja unakosa. Tangu Septemba 2017 safari za kurejea Burundi kwa hiari zimekuwa zikiendelea, na binti anayepanda basi akiwa hana kadi ya chanjo ameipoteza kumbukumbu yake yote. Kadi hiyo aipate siku ile ile anayochanjwa.

La pili ni kwamba habari haina mpaka. Lugha za Kiha na Kirundi zinasikilizana. Neno lililoanza asubuhi kwenye kisima cha kambi, jioni liko kwenye kilabu cha kijiji cha jirani. Tukiwa na timu mbili zenye majibu mawili tofauti kwa swali moja, watu watagundua kabla yetu. Redio Kwizera inasikika Kibondo na kambini. Ipo nafasi ya kutoa maelezo ya aina moja kwa wote.

Binti asiye shuleni

Kampeni zetu zinafanyika shuleni kwa sababu ndiko wasichana wanakopatikana kwa wingi. Sina ugomvi na hilo. Lakini aliye hatarini zaidi ndiye asiyekuwepo: aliyeacha darasa la nne, anayelea wadogo zake, aliyeko shambani na familia, aliyepelekwa Kahama au Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Kampeni nyingi zinaangukia wiki ya mwisho ya Aprili, masika yakiwa yamekolea, barabara za ndani hazipitiki, na kaya ziko mashambani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anawajua mabinti hawa kwa majina. Tunampa karatasi ya kuhesabu waliochanjwa. Orodha ya wasiofikiwa hatumwombi.

Mama asiyepimwa

Niliahidi kurudi kwenye zile namba mbili zilizoachwa nyuma, za kupima na kutibu. Tunamwomba mama amlete binti yake akingwe na ugonjwa ambao mama mwenyewe hajawahi kupimwa. Kipimo cha siki ni rahisi: muuguzi aliyefunzwa hupaka asidi ya aseti kwenye mlango wa kizazi, baada ya dakika moja hivi huangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe, na palipo na dalili za awali zinaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa baridi kali au kwa joto. Mwongozo wa kitaifa unawalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wenye VVU mapema zaidi. Kipimo cha HPV ambacho mwanamke anaweza kuchukua sampuli mwenyewe kipo duniani na kinapendekezwa tangu 2021. Kwenye zahanati zetu za pembezoni vyote hivi mara nyingi ni tangazo la ukutani.

Matokeo yake katika mitazamo ni makubwa kuliko tunavyokiri. Wanawake wa vijiji vyetu hufa kwa ugonjwa huu majumbani mwao, damu na harufu vikiwa vimewafukuza hata jamaa, na mara nyingi jina la ugonjwa halitajwi. Wengine husema amerogwa, wengine husema ni malipo ya tabia. Aliyechunguzwa akakutwa na saratani huambiwa aende hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, zaidi ya kilometa 200 kutoka Kibondo, na kwa mionzi aende Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Wengi wanapiga hesabu ya nauli na chakula cha msindikizaji, wanarudi nyumbani. Katika kijiji ambacho ugonjwa hautajwi jina, na aliyetajiwa hakupata tiba, chanjo yake inakuwa kinga ya kitu kisichojulikana. Tungeunganisha mambo haya mawili, mama akapimwa na kueleweshwa, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kumshika binti mkono.

Mapendekezo

Nimeyapanga kwa jinsi ninavyoyaona yana uzito. Baadhi yanarudia niliyosema, na ninayarudia kwa makusudi, kwa kuwa mapendekezo ndiyo yanayobaki kwenye mafaili.

La kwanza kabisa, maelezo kwa wazazi yaanze angalau wiki nne kabla ya sindano, na fedha zake zitolewe kabla ya fedha za wiki ya chanjo. Pasipokuwa na muhtasari wa mkutano wa kitongoji uliosainiwa na mwenyekiti wake, chanjo zisipelekwe kwenye shule ya kitongoji hicho. Najua pendekezo hili litapunguza takwimu za awali. Natambua pia kwamba wataalamu wa ngazi za juu wana haki ya kulitazama kwa makini kabla ya kulikubali. Naomba lijaribiwe hata kwa kata mbili, moja Kibondo na moja Kasulu.

Mkutano huo usiwe wa hotuba. Muda mwingi uachiwe maswali, na swali la uzazi liulizwe na sisi wenyewe kama wananchi wameona aibu. Mama vijana waliochanjwa 2018 na 2019 watafutwe kupitia kliniki na walimu wao wa zamani, waombwe bila kulazimishwa, na walipwe posho kama wawezeshaji wengine.

Mapadri, wachungaji na masheikh wapewe kikao chao cha maswali kabla ya kuombwa kutangaza. Mwaka 2021, wakati wa chanjo ya UVIKO-19, wengi wao waliombwa kusoma matangazo wasiyoyaelewa, wakabeba lawama za waumini. Hospitali za dini kama Kabanga zina wauguzi wanaoaminika kanisani na kliniki, watumike.

Baba ahusishwe. Barua kupitia mtoto isihesabiwe kuwa taarifa kwa mzazi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumba kwa nyumba, na mzazi anayekataa aandikwe kwa heshima, arudiwe baada ya muda, asitishwe kwa faini wala mgambo. Palipotumika vitisho, hata kama ni mara moja, viongozi wa eneo hilo waende kuomba radhi hadharani kabla ya zoezi jingine.

Mabadiliko ya dozi yaelezwe kwa lugha ya kawaida: waliopata mbili hawakudhurika, waliopata moja wana kinga, na sababu ya kubadilisha ni utafiti, sehemu yake ikiwa imefanyika Mwanza. Hili lirudiwe kila mkutano hadi liwachoshe wasikilizaji.

Kampeni isifungwe Aprili peke yake. Pawe na awamu ya pili baada ya mavuno, na kila zahanati iwe na siku inayojulikana ya mwezi ambapo binti wa miaka 9 hadi 14 anaweza kuchanjwa bila kusubiri kampeni. Orodha ya wasio shuleni iandikwe na wahudumu wa jamii na ihakikiwe na mtendaji wa kijiji. Kambi na vijiji vya jirani vipange tarehe pamoja na viwe na majibu ya aina moja.

Uji uwepo siku ya chanjo, na viti kwa ajili ya dakika 15 za kupumzika. Kadi itolewe papo hapo, na rejista ya shule inakiliwe zahanati, ili baada ya miaka sita tusimtafute mtu kwa kumbukumbu za mwalimu.

Kila huduma ya mkoba inayobeba chanjo ya HPV ibebe pia kipimo cha siki kwa akina mama, na mtumishi mwenye kifaa cha kutibu dalili za awali. Nimeambiwa mara kadhaa kwamba programu hizi mbili zina mafungu tofauti na hivyo haziwezi kupanda gari moja. Naheshimu taratibu za fedha. Hata hivyo mama na binti wanaishi nyumba moja, na gari linakwenda kijiji kile kile.

Mwisho, pawe na mfuko wa nauli kwa wanawake wanaopewa rufaa ya saratani, unaosimamiwa kwa uwazi na kamati ya kituo cha afya, na wajumbe wawili watokane na akina mama wa kijiji. Mwanamke mmoja aliyekwenda Bugando akatibiwa akarudi atafanya kazi ambayo gari la matangazo haliwezi. Makadirio ya gharama ya mfuko huo kwa zahanati moja nimeyaambatisha kwenye nakala mlizogawiwa, ukurasa wa mwisho. Naomba vikundi kazi vya mchana vianze na ukurasa huo, kabla ya ratiba ya kampeni ijayo kujadiliwa.